Wazee wa gemu za mikakati, hii "rush" ina maana ngapi? Na CC, DE, gg?

mtoto_wa_mwanga
Wakuu mwakeye. Nipo Kigoma mjini huku Mwanga, nacheza Clash of Clans kwenye simu, juzi juzi nimeingia klani ina watu wa nchi mbalimbali sasa kwenye chati ni vifupisho vitupu. Vita ikikaribia lida anaandika "fill CC", mwingine "need loons", mwingine "no DE", mi nikaambiwa "ur base is rushed" halafu kimya. Kinachonichanganya zaidi, bro ana Age of Empires kwenye kompyuta na kwao mtu anayejua kurush anasifiwa kabisa, sasa kwangu imekuwaje kosa?? Klani naipenda, sitaki kutolewa kisa lugha

Katonga_juu
Mdogo wangu usiwe na wasi hujatukanwa. Kwenye gemu za papo kwa papo kama StarCraft ya 1998 au hiyo ya bro wako, kurush ni kumvamia mtu mapema kabla hajajipanga, unatoa askari wachache wa bei chee unaenda kumvurugia wafanyakazi wake uchumi usisimame. StarCraft kuna wale zergling, askari wadogo wa jeshi la Zerg, wanatoka wawili wawili kwa yai moja, ndo maana "zerg rush" wanaisema hadi watu ambao hawajawahi kuigusa.

Kwenye Clash bezi, yaani kijiji chako, kuwa rushed ni kwamba umepandisha TH, yaani Town Hall, lile jengo kuu, haraka haraka wakati majeshi na mizinga bado vya level za chini. Unakutana na watu wa TH hiyo hiyo waliokamilika wanakuvunja nyota tatu bila jasho, na ukienda kuchota kwa wa TH za chini mali unayopata inakatwa. Dawa ni kuacha kupandisha TH kwanza. Maabara ya kupandishia majeshi isikae bure hata siku moja, mashujaa nao wapande, mizinga ifuate, kuta mwisho.

CC ni Clan Castle, ile ngome wenzio wanakuwekea askari, lida anataka zijazwe kabla ya vita. Loons ni Balloons, yale maputo ya vita. DE ni Dark Elixir, ile nyeusi ya kupandishia mashujaa, na ukiona BK na AQ ni Barbarian King na Archer Queen

binti_isevya
Tabora hapa, naongezea. Hivyo vifupisho usivihamishe gemu nyingine kaka angu. CC kwenye StarCraft ni Command Center, makao makuu ya Terran, jeshi la binadamu, kwenye gemu ya Dota ni crowd control, uwezo wa kumgandisha adui asifanye kitu. DE kwa bro wako ni Definitive Edition, toleo la Age of Empires II la 2019. Huko namba nazo zinaongea, ukiandika 11 kwenye chati kinatoka kicheko, 3 naomba chakula, 4 mbao, 5 dhahabu, 6 mawe, na sauti inasikika kabisa. Ni lazima iwe fupi maana mkono upo kwenye mausi, ukianza kuandika sentensi nzima farasi washaingia kwenye mashamba yako

Katonga_juu
Na gg usiiache. Good game, na StarCraft aliyezidiwa ndo anaitangulia kuandika, ni kukubali kushindwa kiungwana halafu anatoka. Ukiwa unashinda ukaiandika kabla ya mwenzio hiyo ni BM, bad manners, utovu wa adabu, na watu wanachukia kweli. Hiyo adabu mi naithamini kuliko ushindi wenyewe. Klani za Clash hazina ukali huo, wanapongezana tu vita ikiisha

mtoto_wa_mwanga
Aisee mbarikiwe sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Nipo TH9, kwa hiyo maabara nianze na nini mkuu?

Katonga_juu
Kama klani inalilia loons anza na maputo, TH9 unafungua na Lava Hound, askari mkubwa wa kuruka, ukiviunganisha ndo wanaita LavaLoon. Hound atangulie kula makombora ya mizinga ya anga, maputo yafuate nyuma