Kadi mpya ya grafiki, mbona picha imepauka?

Mwana_Ngamiani: Wakuu salama? Juzi nimebadili kadi nikaichomeka kwenye tivi ya sebuleni kwa waya wa HDMI, gemu linateleza fresh kabisa ila nyeusi imekuwa kijivu kama moshi, yani usiku unaonekana alfajiri. Kadi mbovu au macho yangu?

baharia_tz: Kadi haina kosa mkuu. Inatuma rangi ngazi 16 mpaka 235 za kitivi, tivi yako inasoma 0 mpaka 255, yani 16 ambayo kwa kadi ni nyeusi, tivi inaiona kijivu, ndo maana imepauka. Ingia setingi za kadi weka rangi kamili (0 mpaka 255).

fundi_Chumbageni: Na usitutumie skrinshoti, hiyo inapigwa kabla picha haijafika kwenye waya, itaonekana safi tu. Mi kadi naipimia kwenye barabara za ndani ya gemu, naangalia mistari ya lami kule mbali, ikivurugika kama uji napandisha anisotropiki (setingi ya kunoa sura za mbali zinazotazamwa kimshazari) mpaka 16x, fremu, yani picha kwa sekunde, hazishuki sana. Halafu DLSS (ya Nvidia, inachora picha ndogo kisha inaikuza kwa AI) ilinganishe huku unatembea, nyaya na majani ndo yanaumbuka, ukisimama kila kitu kinapendeza.

Mwana_Ngamiani: Daah giza limerudi! Sasa bi mkubwa anaitaka tivi yake, tamthilia imeanza 😂