Filta ya AC ya Gari la Dada Mwajuma: Mazungumzo ya Kikundi cha Ukoo

Mwajuma: Assalamu alaykum nyote. Naomba ushauri kuhusu gari. Tangu pepo za kiangazi zianze hapa Dodoma, kila nikiwasha AC hewa inatoka kidogo mno hata feni ikiwa namba 4, tena inanuka vumbi lililolowa, na mjukuu wangu mwenye pumu huanza kukohoa kabla hatujafika shuleni. Gereji niliyokwenda juzi waliniambia gesi imekwisha; wakajaza, nikalipa, na hali ni ileile.

Yusufu: Waalaykumu salaam Dada, shikamoo. Poleni sana. Gesi ikipungua, hewa huendelea kutoka kwa nguvu lakini hukosa ubaridi. Hewa ikiwa kidogo ilhali feni inanguruma, mara nyingi njia yake imeziba. Kabla hujalipa tena, kagua filta ya AC, yaani chujio la hewa inayoingia ndani ya gari, ambayo wengi huichanganya na ile ya injini iliyo chini ya boneti. Imewahi kubadilishwa tangu ununue gari?

Mwajuma: Marahaba. Haijabadilishwa kwa miaka 3, na sikujua kama ipo. Iko wapi?

Yusufu: Katika Toyota IST yako iko nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Zima injini na feni, kwa sababu feni ikizunguka itavuta uchafu utakaodondoka. Toa vitu vyote ndani ya droo, kisha bana kuta zake mbili za pembeni kuelekea ndani mpaka zipite ukingo wa dashibodi, nayo itashuka. Tafadhali usiivute kwa nguvu: plastiki ya gari la zamani huwa imekauka, na kishikizo kikikatika droo haitafunga tena. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba chenye vibano. Vibonyeze, ukitoe, kisha uvute filta taratibu.

Halima: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Naomba kuuliza, haiwezi kuoshwa au kupulizwa kwa kompresa ili kuokoa fedha?

Yusufu: Marahaba Halima. Ile ya karatasi haioshwi, kwa maana ikilowa huharibika na kuota ukungu, na upepo wa kompresa huweza kuitoboa matundu usiyoyaona, yakapitisha vumbi laini, ambalo ndilo hasa linalomuumiza mwenye pumu. Kuikung'uta ni kwa dharura tu. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 15,000 hadi 20,000 au kila mwaka, lakini kwa vumbi la huko mimi ningebadilisha mapema zaidi. Dada, nenda dukani na ile ya zamani mkazilinganishe, maana ikiwa ndogo hata kwa milimita chache vumbi litapita pembeni. Zipo zenye mkaa ndani, ambazo hupunguza pia harufu ya moshi; ni ghali kidogo, ila kwa ajili ya mtoto ningelipa.

Mwajuma: Nimeitoa jioni hii. Katikati ya mikunjo mmejaa majani makavu ya mwarobaini tunaoegesha chini yake, pamoja na mabawa ya kumbikumbi, na nilipoiinamisha juu ya gazeti lilimwagika vumbi jekundu la kujaza kijiko. Nimesikitika sana kwamba mtoto amekuwa akivuta hewa iliyopita humo.

Yusufu: Usijilaumu, Dada. Majani huingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, kwa hiyo yaokote kila wiki. Pangusa sehemu inapokaa filta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uache pakauke, kisha ingiza mpya huku mshale wenye neno UP ukielekea juu. Harufu ikibaki, gusa zulia la abiria. Likiwa limelowa, huenda bomba la kutolea maji ya AC limeziba, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mwajuma: Zulia ni kavu. Mara ya kwanza niliiweka mshale ukiwa chini, nikaitoa na kuigeuza. Sasa namba 2 inatoa upepo mwingi kuliko namba 4 ya jana, na harufu imebaki kwa mbali tu. Nimeandika kwenye kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe ya leo na kilomita 118,400.