Lori la kwanza la kukarabati: GMC CCKW, Bedford RL au M35A2?

Mkazi wa Kent (mwanzisha mada)

Ndugu wanachama, salaam. Nimepata banda lenye mlango mrefu wa kutosha huku Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na ninatafuta lori la kijeshi la zamani nitakalolikarabati taratibu, kisha nilipeleke kwenye maonyesho ya kiangazi likitembea kwa injini yake lenyewe. Yaliyo mbele yangu ni matatu: GMC CCKW ya Vita Kuu ya Pili, Bedford RL ya jeshi la Uingereza, na M35A2 ya jeshi la Marekani. Naomba mnilinganishie upatikanaji wa spea, breki, na ugumu wa kazi yenyewe. Nina leseni ya gari dogo tu, na sijawahi kufungua injini kubwa kuliko ya pikapu.

Fundi Ngamiani

Kaka, umeitaja leseni mwishoni ilhali ndiyo ingetangulia. Kwa sheria ya huko uliko, lori la mizigo lililotengenezwa kabla ya 1960, likiendeshwa tupu na bila kuvuta trela lenye mzigo, linaweza kuendeshwa na mtu mwenye leseni ya gari dogo aliyetimiza miaka 21. GMC zote zinaingia hapo, kwa kuwa ziliundwa kati ya 1941 na 1945. Bedford RL ilianza kutoka kiwandani 1953 ikaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo utalazimika kusoma kibao cha chasi na hati zake kabla ya kutoa fedha. M35A2 haiponi: ikiwa tupu tu inakaribia tani sita, uzito wake wa juu unaoruhusiwa unavuka tani saba na nusu, na ni ya miaka ya karibuni zaidi. Utahitaji leseni ya malori.

Kwa upande wa ufundi, mimi ninaipendelea RL. Injini yake ni ya petroli, silinda sita, lita 4.9, na ilitokana na Bedford S ya kiraia, si mashine iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi peke yake. Sisi tuliokulia katika gereji za Afrika Mashariki tunazikumbuka Bedford za kiraia zilivyobeba mkonge na magogo, na fundi wa kawaida aliweza kuzifungua na kuzifunga bila kifaa cha pekee. Kasoro yake ni kwamba dereva anakaa juu ya ekseli ya mbele na injini iko katikati ya viti, hivyo joto na kelele ni vingi, na kila kazi ya injini inafanyikia ndani ya kebini.

Bi Zuhura, Normandie

Ninamheshimu Fundi, lakini kwa hoja ya spea GMC ndiyo inayoshinda. Yaliundwa malori zaidi ya 500,000 ya aina hii, na ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya mafuta na risasi za majeshi ya Marekani hapa Ufaransa mwaka 1944, katika ule msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express, ambao madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Vita vilipokwisha, jeshi la Ufaransa liliendelea kuyatumia kwa miongo kadhaa na kuyafumua upya katika karakana zake. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kupata huku gasketi, bushi, viatu vya breki, hata injini nzima, na kutoka Kent ni safari ya kuvuka mlango wa bahari tu.

Injini yake ni silinda sita za lita 4.4, na mgandamizo wake ni mdogo, kwa hiyo haihitaji petroli ya hali ya juu. Boneti inafunguka pande zote mbili na unasimama chini kufanya kazi. Umeme wake ni wa volti 6, na watu wengi hukimbilia kuubadilisha uwe wa volti 12 kwa sababu taa ni hafifu na stata inavuta kwa uvivu. Mimi ninaona haraka hiyo haina msingi. Mara nyingi mtu alifunga waya nyembamba za gari la volti 12, ilhali volti 6 zinadai waya nene na viungo vya waya na chasi vilivyokwanguliwa rangi na kutu hadi chuma kionekane. Ukivitimiza hivyo viwili, lori linawaka asubuhi ya baridi bila shida.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua: GMC zilitoka na ekseli za aina mbili, zile zenye kasha la difu (gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu) lililokatwa katikati na kuunganishwa kwa bolti, na zile zenye kasha zima la mviringo. Spea zake haziingiliani. Tazama chini ya lori kwa tochi, kwa sababu muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Mzee wa Missouri

Wanangu, nitaitetea M35A2, ingawa suala la leseni linamfunga mwenzetu. Injini yake ya lita 7.8 ilibuniwa iunguze mafuta ya namna nyingi, dizeli ikiwa ya kwanza. Kwa anayetaka kusafiri mbali na lori lake, hiyo ni raha kubwa. Vitabu vya ufundi vya jeshi la Marekani pia ni hazina: kwa M35A2 tafuta vile vinavyoanza na TM 9-2320-209, na kwa GMC tafuta TM 9-801. Vinamwongoza msomaji bolti kwa bolti.

Hata hivyo, haki ya mnunuzi ni kuambiwa udhaifu wake. Breki za M35A2 zinatumia mafuta ya breki yanayosaidiwa kusukumwa na upepo, na mkondo wa mafuta hayo ni mmoja kwa magurudumu yote. Hozi moja ikipasuka, pedali inazama na lori zima halina breki. Kila hozi ya mpira ibadilishwe kabla ya lori kugusa barabara, hata ile inayoonekana nzima.

Mkazi wa Kent

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee. M35A2 nimeiondoa. Nimeambiwa kuna Bedford za zimamoto, zile za kijani zinazoitwa Green Goddess, ambazo zimetembea kilomita chache sana. Je, ni busara kununua moja na kuifanya lori la mizigo? Na vipi kuhusu petroli ya siku hizi?

Fundi Ngamiani

Green Goddess ziliundwa kati ya 1953 na 1956 kwa ajili ya kikosi cha akiba cha zimamoto, na kwa sababu zilihifadhiwa muda mrefu, injini na giaboksi zake mara nyingi zina afya. Lakini nakusihi usiivunje. Ni sehemu ya historia ya huko: wanajeshi walizitumia wakati wazima moto walipogoma mwaka 1977, na tena 2002. Ukiikata ili upate chasi, umepoteza gari halisi na kupata lori la kuigiza. Ukiipenda, inunue ibaki ya zimamoto, na chunguza fremu za mbao za bodi kwa bisibisi, kwa maana huoza kwa ndani huku bati likiwa zuri kwa nje.

Kuhusu petroli: tangu Septemba 2021, ile ya kawaida Uingereza ina etanoli hadi asilimia 10, nayo inakula mpira wa zamani. Badilisha hozi zote za mafuta na kiwambo cha pampu, na tumia petroli yenye etanoli asilimia 5.

Bi Zuhura, Normandie

Niongeze la ringi, ambalo limeua watu. Malori haya hutumia ringi zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete iliyoliwa na kutu au isiyokaa vizuri huruka wakati wa kujaza upepo, kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Toa upepo wote kwa kung'oa kiini cha valvu kabla ya kugusa chochote, kwangua kutu yote, usichanganye pete ya ringi moja na nyingine, na ujaze tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma, wewe ukiwa umesimama mbali, umeshika hozi ndefu ya upepo. Kama huna kizimba, peleka matairi kwa karakana ya malori wakufanyie. Ukishaamua kati ya GMC na RL, tuwekee picha za ekseli na kibao cha chasi kabla hujalipa, tukusaidie kuzisoma.