Kuapishwa uwakili: kesi iliyofutwa niiandike kwenye fomu?

mtarajiwa_07
Wakuu heshima kwenu. Mitihani nimefaulu, mafunzo ya vitendo yameisha, sasa najaza maombi ya kukubaliwa uwakili. Kuna kipengele kinauliza kama umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote, sio kutiwa hatiani, kushtakiwa tu. Nikiwa chuo tulizolewa kwenye mgomo kundi zima, kesi ikafutwa hata shahidi wa kwanza hajaitwa. Jamaa wananiambia achana nayo, nani ataijua. Pili mimi sio mtu wa dini, hicho kiapo lazima nishike kitabu? Na nikishaapa naanza kupokea wateja siku hiyohiyo au?

Jalada_Jeusi
Dogo iandike. Umeulizwa kushtakiwa na ulishtakiwa, basi. Wanaopima maombi hawatafuti malaika, wanataka kuona ukiulizwa unasema kweli, maana kesho ndio utasimama mbele ya jaji akuamini kwa mdomo wako tu. Kesi ya mgomo iliyofutwa peke yake ni ngumu kumzuia mtu, ila ukaifiche halafu iibuke umeshakuwa na ofisi na wateja, hapo unaondolewa kwenye orodha ya mawakili kwa udanganyifu na mgomo wenyewe hakuna hata atakayeuulizia. Andika nusu ukurasa: mahakama gani, shtaka gani, mwaka gani, iliishaje, ambatanisha nakala ya amri ya kuifuta. Hiyo nakala kaiombe masijala mapema, mafaili ya zamani kuyachimbua ni shughuli. Na usijitetee kwa insha tafadhali.

dada_joho
Kitabu sio lazima sehemu nyingi tu, unathibitisha badala ya kuapa kwa Mungu na uzito ni uleule kisheria, Uingereza waliruhusu kwa sheria ya 1888. Cha msingi mwambie karani kabla, sio umefika mbele ndio unaanza kubishana naye. Maneno yanatofautiana nchi na nchi ila mengi ni mafupi, utakuwa mkweli, utafuata sheria, Marekani wanaweka na kuiunga mkono katiba. Kushinda kesi hakumo humo 😂

mzee_wa_korido
Ulizia na mavazi. Gandhi alipoomba uwakili kule Natal, Afrika Kusini ya leo, 1894 chama cha wanasheria kilimpinga, mahakama ikatupa pingamizi akaapishwa, kumaliza tu jaji mkuu anamwambia haya sasa vua kilemba, fuata kanuni za mavazi za mahakama. Akavua, na rafiki zake hawakupenda kabisa.
Wateja bado. Kuapa ni hatua moja, kuna kusaini daftari la mawakili halafu leseni ambayo nchi nyingi unaihuisha kila mwaka, bila hiyo unaitwa wakili lakini kazi huruhusiwi. Uingereza ndio kabisa, mtu anapewa cheo cha barista, yaani wakili wa kusimama mahakamani, na Inn yake, chama cha mawakili hao, kabla hajamaliza mafunzo chini ya mzoefu, ana cheo ila bila leseni kusimama kama barista wa mtu hawezi. Wengi wanajisahau hapa kwa furaha ya picha, wiki hiyohiyo wameshagonga mhuri kwenye mkataba wa shemeji.

mtarajiwa_07
Shukrani sana. Sasa hati ya mashtaka ilikuwa na majina ya wenzangu wengi na wengine nao wanaomba mwaka huu, niwataje?

Jalada_Jeusi
Kwenye maelezo yako usiwataje, umeulizwa habari zako wewe. Ila amri ya mahakama usiifute majina, ambatanisha kama ilivyo. Na wapigie simu leo uwaambie unaiandika, ili wasije wakajaza "hapana".