Naomba ushauri: kiwanja cha nyasi bandia nyuma ya nyumba, Madale

MamaWatatu
Habari za jioni ndugu zangu. Nina eneo nyuma ya nyumba huku Madale, upana mita 9 na urefu 16 ukiondoa upande wa tangi la maji. Watoto wangu wanachezea barabarani na wenzao, na bodaboda zinavyopita pale kwa kasi sina raha kabisa. Nataka wachezee ndani ya geti. Mkubwa ni kikapu, wa kati yuko timu ya netiboli ya shule, mdogo ni mpira wa miguu kutwa nzima.

Fundi wa kwanza anasema kazi ni ya siku mbili: anasawazisha, anamwaga kifusi, anatandika nailoni kuzuia majani yasiote, halafu juu kapeti la nyasi la milimita 40. Wa pili anataka nimwage zege eneo lote kwanza. Udongo wetu ni mfinyanzi, kiangazi unapasuka na masika unanasa ndala. Nimetenga milioni 11. Nani kati yao nimsikilize? Nauliza kabla sijatoa advansi.

Fundi Msingi
Dada, kwanza usitoe hiyo advansi. Hizi ndizo kazi zangu.

Nailoni ndiyo itakayokuharibia. Nyasi bandia zina matundu chini ili maji yapite. Ukiweka nailoni, maji yanakaa hapohapo. Niliitwa nyumba moja Mbezi baada ya masika, kapeti limefura katikati, ukilikanyaga maji machafu yanaruka, harufu yake huwezi kukaa barazani. Tulifumua yote. Na kifusi juu ya mfinyanzi hakidumu: udongo huo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, kwa hiyo mwaka wa pili una mabonde.

Chimba sentimita 20 na huo udongo uutoe nje ya kiwanja. Tandika jeotekstaili, kile kitambaa kizito kinachopitisha maji lakini kinazuia tope lisipande kwenye kokoto. Juu yake weka kokoto sentimita 15 kwa matabaka mawili, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine peke yake. Wakikuambia watashindilia kwa miguu na pipa la maji, kataa. Malizia na vumbi la kokoto sentimita 3, livutwe kwa rula ndefu mpaka lilale sawa. Pembeni jenga kingo za zege kuzunguka, maana bila kingo kokoto inatambaa na kapeti linalegea.

Mteremko ni asilimia moja. Kwa upana wa mita 8, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 8. Huko chini weka bomba lenye matundu lipeleke maji kwenye shimo la kunyonya au mtaro. Yasielekee kwa jirani, ugomvi wa maji ya mvua hauishi.

Chaki
Mbona umesema mita 8 wakati yeye kasema 9?

Fundi Msingi
Umeliona. Roli nyingi zina upana wa mita 4. Kwa mita 8 unaweka mbili, kiungio kimoja katikati, basi. Kwa mita 9 unanunua roli ya tatu ukate kipande cha mita moja, na unaongeza kiungio cha pili, wakati kiungio ndicho kinachoanza kuachia. Mita inayobaki panda maua au weka benchi la wazazi.

Kocha Upanga
Mama, nafundisha watoto kikapu na nakusihi sana usimwekee huyo mkubwa nyasi chini ya goli. Mpira haudundi. Milimita 40 ni urefu wa watu wa soka. Kwa kikapu ni sawa na kudundisha juu ya godoro. Netiboli haina shida hiyo, kwa sababu mpira unarushwa mkononi kwa mkono.

Gawa eneo. Mita 6 za mwisho ziwe zege laini, kwa sababu mstari wa mtupo huru uko mita 5.8 kutoka mstari wa nyuma, na hapo ndipo mtoto anajenga mkono wake. Mita 10 zilizobaki ziwe nyasi. Ringi ya kikapu na ya netiboli zote ziko mita 3.05 kutoka chini, kwa hiyo usimdanganye mtoto kwa kushusha moja ukidhani ni ya watoto zaidi. Kama bado ni wadogo, tafuta nguzo inayopanda na kushuka.

Zege na nyasi zikutane usawa mmoja, tafadhali. Nimeona vifundo vya miguu vikiteguka kwenye kingo zilizonyanyuka.

Mkaazi wa Muscat
Assalaam alaykum. Huku nyumba nyingi zina nyasi hizi uani, nami ninazo. Jambo ambalo muuzaji hakwambii ni joto. Jua la mchana likipiga, nyasi bandia zinaweza kupita nyuzi 60, mtoto peku anaungua nyayo. Kumwagia maji kunasaidia dakika chache tu. Wangu wanatoka baada ya alasiri, na nimetundika turubai la kivuli. Dar jua ni lilelile, bibie, usilichukulie jepesi.

Chaki
Na chembe za mpira mweusi zinazomwagwa kati ya nyuzi za nyasi uziache kabisa. Ni matairi yaliyosagwa, yanaongeza joto na yanaingia ndani ya nyumba kwenye soksi. Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo mwaka 2023, na kwa viwanja vya michezo mauzo yanakoma Oktoba 2031. Kwa watoto tumia mchanga peke yake.

Nyumba Ndogo Bustani Kubwa
Kwa nini usipande ukoka? Bei ndogo, hauunguzi mtu.

MamaWatatu
Ukoka nilipanda. Kwa watoto wanaocheza kila siku, mbele ya goli hubaki udongo mtupu, na masika ni tope tu.

Asanteni sana jamani. Nimeridhika na mita 8, zege 6 na nyasi 10. Sasa milimita ngapi? Na mchanga naweza kuchota ufukweni? Kuna kijana ameniahidi.

Fundi Msingi
Milimita 20 hadi 25, nyuzi zilizosongamana. Likunje kipande; ukiona kitambaa cha chini kirahisi, ni jepesi, rudisha. Omba dhamana kwamba jua halitaliharibu, iwe kwa maandishi.

Mchanga wa ufukweni hapana. Una chumvi, na makombe yake yanasagika kuwa unga unaoziba matundu. Chukua mchanga wa silika uliooshwa na kukaushwa. Kwa mita za mraba 80, tani moja na nusu inatosha, umwagwe kidogokidogo huku mtu anasugua kwa fagio gumu ili uzame kati ya nyuzi.

Siku ya kutandika isiwe ya mvua, gundi haitashika. Kunjua roli zote mbili zilale juani saa kadhaa zinyooke. Hakikisha nyuzi za zote zimelalia upande mmoja, la sivyo utaona rangi mbili maisha yote. Kiungio kipite juu ya mkanda wa upana wa sentimita 30, kipakwe gundi ya poliurethani, kisha kilaliwe na mifuko ya mchanga hadi kesho yake.

Hela zako, karibu nusu zitaingia ardhini. Fundi akikupa hesabu ambayo nyasi ndizo zimekula karibu yote, muulize kokoto ameiandika wapi.