Mota ndogo inachelewa kushika kasi kuliko hesabu zinavyosema

Sumaku_Mbili: Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa modeli ya mwendo wa mota ndogo ya volti 3, ya aina inayofungwa kwenye vigari vya kuchezea. Kwa hesabu zangu inapaswa kukaribia kasi yake ya mwisho milisekunde 40 hivi baada ya kuwashwa, lakini kipimo kinanipa takriban 160. Kasi ninaisoma kwa kihisi cha mwanga, kupitia kisahani cha plastiki chenye matundu nilichokipachika kwenye shafti. Kina kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 3. Rota, yaani sehemu inayozunguka ndani ya mota, ina gramu 8 na kipenyo cha milimita 14. Kasoro iko wapi? Aidha, multimita hunipa ukinzani tofauti kila shafti inaposogea kidogo.

Mzee wa Koili: Ndugu, kipimo chako ni sahihi, ila si cha mota uliyoifanyia hesabu. Inesha (ukaidi wa kitu kubadilishwa kasi) ya kitu cha duara hutegemea uzito na kipeo cha pili cha nusu kipenyo: rota ni 8 × 7 × 7, yaani 392, na kisahani ni 3 × 20 × 20, yaani 1,200. Jumla yake ni mara nne ya ile ya rota peke yake, kama ilivyo 160 kwa 40. Kwenye mota ya pampu ya maji kisahani hicho kisingeonekana kabisa. Kwenye hii, chombo cha kupimia ndicho mzigo mkubwa kuliko yote.

Kivue. Unganisha rezista ndogo kwa mfululizo na mota, kisha utazame volti ya rezista hiyo kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volti inavyobadilika. Ikiwa rota ina koili 3 na burashi (vipande vinavyoipelekea umeme kwa kuigusa) ni 2, mkondo hupanda na kushuka mara 6 kwa kila mzunguko, hivyo mawimbi 900 kwa sekunde ni mizunguko 9,000 kwa dakika, bila kugusa shafti.

Grafu_Tupu: Naongezea suala la msuguano, ambalo wengi hulichukulia kwamba hukua sambamba na kasi. Ili ulipime, iache mota izunguke, ikate kwenye umeme ghafla, na urekodi volti ambayo yenyewe huendelea kuizalisha, kwa kuwa volti hiyo huenda sawia na kasi. Mstari ukishuka karibu ulionyooka hadi sifuri, basi msuguano mkavu wa burashi na beringi ndio unaotawala, na modeli iupe thamani isiyobadilika. Kuhusu ukinzani, burashi hugusa sehemu tofauti za komuteta, ile pete ya vipande inayozunguka na rota: ishikilie shafti isizunguke, pitisha mkondo mdogo katika pembe kadhaa, ugawanye volti kwa mkondo, kisha uchukue wastani.

Sumaku_Mbili: Nashukuru. Je, rezista nayo haitaibadilisha mota?

Mzee wa Koili: Itaibadilisha, kwa hiyo ijumlishe na ukinzani wa koili kwenye mlinganyo. Ya omu 0.1 inatosha.