Kipini cha dhahabu kimeingia kwenye bomba la sinki, nifanyeje?

Mpangaji wa Ghorofani
Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Jana jioni nilipokuwa nikinawa uso bafuni, kipini changu cha dhahabu kilichomoka puani kikapita kwenye matundu ya sinki kabla sijakidaka. Nilifunga koki papo hapo, na tangu hapo sijamruhusu mtu kulitumia sinki hilo, ijapokuwa watoto wananung'unika. Jirani mmoja ananishauri nimimine dawa ya kuzibulia mabomba ili uchafu ulainike. Mwingine anasema nifunge sumaku kwenye uzi. Nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo nisingependa kuvunja kitu.

Fundi Bomba
Wa alaykumu ssalaam, dada. Kufunga koki ndiko kulikokuokoa. Chini ya sinki kwa kawaida pana trapu, yaani bomba lililopinda au kikombe cha plastiki kinachobakiza maji ili harufu ya maji taka isipande ndani, na kwa kuwa dhahabu safi ina uzito wa takribani mara 19 ya maji ya ujazo uleule, kipini huelekea kutua humo badala ya kuchukuliwa na mkondo mdogo wa kunawia uso.

Weka ndoo chini ya trapu, kisha legeza nati kwa mkono ukizungusha kinyume na mwendo wa saa. Ikikaza, izungushie kitambaa kabla ya kushika spana, maana plastiki kuukuu hupasuka bila kutoa taarifa. Yaliyomo yote yaangukie ndani ya ndoo, nawe uyachuje kabla ya kuyamwaga; nimewahi kumwona mtu aliyefungua trapu vizuri kabisa, halafu akaimwaga ndoo chooni.

Dawa ya kuzibulia usiiguse. Huunguza ngozi na macho, na mikono itakayoifungua trapu hiyo ni yako.

Bi Mkubwa
Naongezea kuhusu sumaku: dhahabu haivutwi na sumaku, wala fedha haivutwi. Sumaku ifae kwa sindano na skrubu za chuma. Kwa kuchuja, chujio la chai linatosha, ila baada ya hapo usilirudishe jikoni. Ukishakipata kipini, kioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, wala usikiloweke kwenye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa klorini hudhuru dhahabu iliyochanganywa na madini mengine.

Mzee wa Chemba
Nyumba nyingine za zamani hazina trapu chini ya sinki. Bomba hushuka moja kwa moja sakafuni. Ukikuta hivyo, usimwage hata kikombe cha maji, bali mwite fundi atazame mahali bomba hilo linapotokea nje kabla ya kufika kwenye chemba.

Mpangaji wa Ghorofani
Nashukuruni sana. Trapu ilikuwepo, na kipini kilikuwa kimenasa kwenye fundo la nywele, pamoja na sindano ambayo hakuna mtu nyumbani anayekubali kuwa ni yake. Niliporudishia, kimpira cha ndani ya nati nilikiweka juu chini, maji yakavuja; nimekigeuza, na sasa ni pakavu. Leo nimenunua kichujio chenye matundu madogo zaidi.